Abiria Si Gunia

Kakamega
4 Septemba 1963

Kaka Philemon,

Shika kiti kabla hujaendelea kusoma. Yule mdogo wako uliyemwita mpiga domo wa Shinyalu sasa ndiye wakala wa Isiukhu Ndege hapa mjini Kakamega. Nina meza, nina muhuri, nina kofia isiyonitosha. Na kwa kuwa wewe ni bwana mkubwa wa matangazo wa Nyota ya Ziwa huko Kisumu, ujue tangu leo mimi na wewe ni washindani. Mama Mkubwa alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. "Mtoto wangu na mtoto wa mdogo wangu wanagombania watu huko juu," alisema, "na huku chini shamba linaota majani."

Ndege yetu ni ndogo, sikufichi. Inabeba abiria wanne na rubani, Bwana Harbans, Singasinga wa Kisumu mwenye sauti ya upole. Lakini inaruka kutoka hapa hapa! Mtu atakunywa chai kwake Shinyalu asubuhi na mchana atakula Nairobi. Kwenu lazima kwanza apigwe vumbi hadi Kisumu.

Kuna jambo litakalokuchekesha. Kabla ya kupanda, kila abiria husimama juu ya mizani, ya aina ile ile wanayopimia mahindi, nami naandika ratili zake daftarini. Mizigo pia. Ni amri ya Bwana Harbans. Juzi mke wa mchungaji alivua viatu, na mwishowe akavua hata saa.

Niombee, na usiniibie watu.

Mdogo wako,
Mideva


Kisumu
12 Septemba 1963

Mideva,

Hongera sana, mshindani wangu. Nimewaonyesha wenzangu barua yako nikawaambia, huyu ndiye atakayetutoa jasho. Usiogope, biashara haigombi. Tutagombania wateja mchana na Krismasi tutakula kuku mmoja kwa Mama.

Ila jiandae. Ndege yetu inabeba watu ishirini na wanane. Kuanzia wiki ijayo tunaweka basi la bure kutoka soko la Kakamega mpaka Kisumu, na huko juu kuna chai na mkate wa siagi. Wewe utawapa nini, kofia yako?

Hiyo mizani yenu, je, wateja wanaipenda? Nauliza tu.

Kaka yako,
Philemon


Kisumu
7 Oktoba 1963

Kwa Bwana L. Barasa
Meneja wa Biashara, Nyota ya Ziwa
Nairobi

Bwana Barasa,

Umeniuliza kwa nini viti vyetu vya abiria wa Kakamega vimekuwa vitupu. Jibu ni moja: Isiukhu wako karibu na mlango wa mteja. Basi la bure limesaidia kidogo tu, na uwanja wa Kisumu siwezi kuusogeza.

Nimepata mahali pa kuwashika, napo ni kwenye mizani. Huwa wanawapima abiria wao. Bwana, kwetu hata watoto hawahesabiwi kwa kidole, na mtu mzima anayechukuliwa vipimo ni yule ambaye fundi wa jeneza anamsubiri. Jumamosi nilikwenda Malinya kwenye mchezo wa fahali. Watu walikuwa wengi kupita kiasi. Nilisimama na wazee wakati fahali wakisubiriwa, nikauliza swali: "Hawa wa ndege ndogo wanaandika uzito wa mtu kabla hajapanda. Wanautakia nini? Ama wanajua atarudi ndani ya sanduku?" Uongo sikusema. Niliuliza, nikaenda kununua muwa. Kabla sijafika kwenye gari, mama mmoja nisiyemjua alinisimulia habari hiyo hiyo, na tayari ilikuwa na majina ya marehemu wawili.

Naomba mabango mia moja yenye maneno haya: KWA NYOTA YA ZIWA, ABIRIA SI GUNIA.

Wakala wao ni ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo. Nakueleza usije ukalisikia kwingine. Nimejiambia kazi ni kazi, lakini tangu Jumamosi sijaweza kumwandikia.

Wako mtiifu,
Philemon


Kakamega
25 Oktoba 1963

Kaka,

Nimeliona bango lenu pale sokoni. Nililisoma nikacheka, halafu nikaacha kucheka.

Watu wameikataa mizani. Wanasema tunawapima kwa ajili ya jeneza. Mzee Erastus wa Malinya, yule mwenye fahali mweusi, alikuwa ameshanunua tiketi. Nilipomwonyesha mizani akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. "Wewe msichana," akasema, "fahali yangu sipimangi, sasa unipime mimi? Unaandika uzito wangu umpelekee fundi gani?" Akatoka na kwenda moja kwa moja kwenye basi lenu. Wiki jana ndege iliruka na mwalimu mmoja na mifuko miwili ya barua.

Nilimwomba Bwana Harbans tuiondoe mizani angalau kwa muda. Alikataa bila kupandisha sauti. "Mideva," alisema, "ndege haijui heshima. Inajua ratili."

Wenye kampuni wamesema viti visipojaa wiki ya Uhuru, ofisi ya Kakamega itafungwa. Nitarudi Shinyalu kupalilia maharagwe na kofia yangu kichwani. Kaka, wewe unawajua watu wanavyofikiri. Niambie nifanye nini. Na kama umesikia huko ni nani aliyeanzisha uvumi huu, nitajie, nikamnawishe uso kwa maji ya vyombo.

Mideva


Kisumu
1 Novemba 1963

Mideva mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara tatu. Nimesikitika kuliko unavyoweza kudhani, na sitaki ufungiwe ofisi. Mwenye uvumi simjui. Maneno ya sokoni hayana baba.

Nitakupa ushauri ambao meneja wangu akiusoma atanifukuza. Iondoe mizani mbele ya macho ya watu. Mtu akija, muulize uzito wake kwa heshima, jinsi unavyomuuliza habari za nyumbani, na uandike atakachosema. Rubani anataka namba, basi mpe namba. Sisi hatumpimi mtu na tunaruka kila siku. Nadhani hiyo mizani yenu ni ya kutozea mizigo tu, na huyo Bwana Harbans ni mtu wa kupenda utaratibu.

Fanya hivyo, na kabla ya mwezi kwisha utaniambia.

Kaka yako akupendaye,
Philemon


Nairobi
30 Novemba 1963

Philemon,

Nimepata barua yako ya tarehe 26. Unasema rubani wetu amekueleza kwamba ndege ndogo isipopimwa mzigo inaweza kushindwa kupanda, hasa uwanja ukiwa mfupi na nyasi zikilowa. Unaomba ruhusa ya kumwandikia wakala wa Isiukhu arudishe mizani.

Ruhusa sikupi. Wana rubani wao, naye si mtoto. Ukiandika itabidi ueleze na habari ya Malinya, na jina letu litaingia gazetini wiki ya Uhuru. Wiki hiyo ndiyo mavuno yetu ya mwaka. Wewe jaza mabasi.

L. Barasa


Kakamega
5 Desemba 1963

Kaka wa dhahabu,

Ushauri wako umeniokoa! Tangu niifiche mizani watu wamerudi, na wiki ya Uhuru yote imejaa. Mizani sasa iko nyuma ya ofisi na kuku wa jirani wanataga juu yake. Kila mtu ananitajia uzito wake akitabasamu. Nimegundua kwamba Kakamega nzima haina mtu mnene.

Kitu kimoja kinanikereketa. Bwana Harbans huniuliza, "Umewapima?" nami humjibu, "Namba ziko hapa, Bwana." Si uongo, lakini si kweli pia. Akishukuru, huwa namtazama viatu.

Basi nisikuchoshe. Nimekuandalia zawadi ya shukrani. Asubuhi ya tarehe 11 Mama Mkubwa atapanda ndege yetu kwenda Nairobi kuiona bendera ikipandishwa. Kiti ni chake, bure. Abiria wenzake ni Mzee Erastus, ambaye tumepatana, na mwalimu Bramwel na mkewe Jescah. Mama Mkubwa amewatangazia Shinyalu yote. Hata ng'ombe wanajua.

Mideva


TELEGRAMU
Kisumu, 9 Desemba 1963

KWA MIDEVA ISIUKHU NDEGE KAKAMEGA
MAMA ASIPANDE HUKO. APITIE KISUMU. KITI NITAMPA MIMI. PHILEMON


Kakamega
10 Desemba 1963

Kaka,

Telegramu yako nimeipata, na imeniuma. Abiria wote ulionyang'anya hawakukutosha, sasa unataka hata huyu mmoja? Unaona haya mama wa mtu wa Nyota aonekane ndani ya ndege ya Isiukhu?

Nilimsomea Mama Mkubwa. Amesema, "Mwambie huyo mtoto sipandangi basi siku ya bendera." Basi shindano hili nimeshinda mimi. Tutaonana Krismasi, uniletee sura ya kushindwa.

Mideva


Kakamega
22 Desemba 1963

Kaka Philemon,

Najua polisi wa Kisumu walikupa habari, na najua ulifika hospitali. Hatukuonana, kwa hiyo nakuandikia niliyoyaona mimi, kabla wengine hawajakusimulia yao.

Mvua ilikuwa imenyesha. Ndege ilikimbia kwenye nyasi, ikakimbia, mpaka nikasema moyoni, mbona haiinuki. Iliinuka mwishoni kabisa, chini mno, ikagonga mikaratusi iliyo nje ya uwanja. Bwana Harbans alifariki pale pale. Mzee Erastus amevunjika mikono yote miwili. Mwalimu na mkewe wana majeraha lakini wanatembea. Mama Mkubwa amevunjika nyonga, na daktari haahidi kama atasimama tena.

Polisi waliitoa mizani nyuma ya ofisi, wakawafukuza kuku, wakapima kila kitu kilichotoka ndani ya ndege. Halafu wakalitazama daftari langu. Tofauti ilikuwa ratili mia mbili na themanini. Mzee Erastus aliniambia ana mia moja na hamsini. Kaka, hata mtoto angeona si kweli. Mimi niliona, nikaandika.

Tume ya uchunguzi itaketi tarehe 14 Januari. Wananiambia ninaweza kushtakiwa kwa kifo cha Bwana Harbans. Nitakubali. Aliniamini, nami nilimpa namba za kupendeza. Jina lako sitalitaja. Ulinishauri kwa wema, na wewe huko kwenu hamna mizani, ungejuaje? Kosa ni langu peke yangu.

Mideva


Kakamega, hospitalini
2 Januari 1964

Philemon mwanangu,

Mimi mama yako Kageha nasema, na muuguzi Khalayi anaandika. Kwa hivyo usifikiri nimejifunza kalamu uzeeni.

Ulikuja siku moja, ukasimama mlangoni, ukanitazama, ukaondoka. Nilikuwa macho. Nilikuita. Kwa nini hukuingia? Mguu wa mtu unakutisha?

Nataka uwaambie watu wa serikali jambo moja, maana mimi siwezi kufika kwao. Mideva asifungwe. Mwenye makosa ni mimi. Aliponiuliza uzito nilimwambia mia moja na ishirini, na chini ya leso nilikuwa nimejifunga unga wa mahindi ratili ishirini. Kikapu kilikuwa na ndizi na ingokho mbili, kuku wa kwetu, nikasema ni nguo. Nilijua watu wa Nairobi hawana obusuma, ugali wa maana, nikasema nisiende mikono mitupu. Sasa nalala hapa nawaza kwamba unga wangu ndio ulimuua yule Singasinga. Erastus naye yuko wodi ya wanaume analia kama mtoto, anasema ni yeye. Kila mmoja hapa anasema ni yeye.

Njoo, mwanangu. Uketi kitandani hapa kama mtu.

Mama yako,
Kageha


Kisumu
11 Januari 1964

Kwa Tume ya Uchunguzi wa Ajali ya Ndege
Kakamega

Waheshimiwa,

Mtaambiwa tarehe 14 kwamba makosa ni ya wakala Mideva. Mama yangu mzazi atawaambia ni yake, na Mzee Erastus atasema ni yake. Naomba mnisikilize mimi kabla yao.

Mwezi wa Oktoba nilikwenda Malinya makusudi, nikapanda uvumi kwamba Isiukhu Ndege huwapima abiria kwa ajili ya majeneza. Nililifanya hilo kuwanyang'anya wateja. Maneno ya lile bango yalitoka kichwani mwangu, na nilipoyapata nilijipongeza. Mideva alipokosa abiria aliniomba ushauri, bila kujua kwamba mchawi wake ni mimi. Nilimwonea huruma. Nikamwandikia aifiche mizani na aandike lolote watu watakalomwambia. Nilidhani natengeneza nilichoharibu. Barua yangu ya tarehe 1 Novemba anayo, mwombeni awaonyeshe, maana mwenyewe ameapa kunificha.

Niliamini mizani ile ilikuwa ya kutozea mizigo tu. Sikujua hatari yake.

Nimeacha kazi ya Nyota ya Ziwa leo asubuhi. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja akinibebea maiti ya mtu mwema. Nakala ya barua hii nampelekea Mideva. Adhabu yoyote mtakayotoa, itoeni kwangu.

Philemon


Kakamega
30 Januari 1964

Kaka,

Tume imemaliza kazi. Sitashtakiwa. Wameandika kwamba nilipotoshwa, na kwamba kampuni ilikuwa na wajibu wa kumwekea rubani mtu wa pili wa kuhakikisha namba. Ofisi imefungwa na kofia nimeirudisha. Barua yako ilisomwa kwa sauti mbele ya watu wote, mke wa Bwana Harbans akiwa amekaa mstari wa mbele. Najua imekugharimu kazi yako na jina lako. Nakushukuru, na sisemi kwa kejeli.

Hayo hayajanitoa lawamani. Wewe ulinishauri, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na macho yalikuwa usoni mwangu. Bado nikiona mtu mnene barabarani namkadiria ratili zake. Sijui kama nitaacha.

Jana nilimsomea Mama Mkubwa ile nakala yako. Alisikiliza yote, habari ya Malinya, bango, na ushauri wako. Hakukutukana. Alisema, "Ulimi hauna mfupa," nikadhani ameyamaliza.

Kisha akaniuliza, "Ile telegramu iko wapi?" Nilikuwa nayo mkobani. Akaniambia niisome, halafu niisome tena barua yako ya tume, nimwonyeshe mahali ulipoitaja. Nilitafuta mstari kwa mstari. Hukuitaja. Pale ambapo ingekaa, umeandika kwamba hukujua hatari.

Mimi nilidhani ulikuwa ukiniibia abiria, kaka. Mpaka jana bado nilidhani hivyo. Mama yako ndiye aliyeelewa, akiwa amelala chali. Alisema, "Basi alijua siku mbili kabla. Tulikuwa watu watano ndani ya ile ndege, na yeye aliita mmoja." Baada ya hapo aligeukia ukutani. Khalayi alipoleta uji hakuugusa.

Tume imeshafunga daftari lake na mimi silifungui. Lakini telegramu hii siwezi kukaa nayo, na Mama Mkubwa haitaki karibu yake. Nimeifunga ndani ya barua hii. Anasema usije kumwona mpaka umempelekea mke wa Bwana Harbans, kwa mkono wako mwenyewe, umsomee na umwambie ilimaanisha nini.

Anaishi huko huko Kisumu, nyuma ya hekalu la Singasinga, nyumba ya mlango wa kijani. Asubuhi huwa yuko nyumbani.

Mideva